Mwendo wa Baba

Mwezi uliopita nilimshika mwanangu mkono nikampeleka twisheni ya Kiingereza hapa Msamala. Siku hizi kila nyumba yenye sebule ni shule, unajua mwenyewe. Aliyenisukuma ni jirani yangu muuza vitumbua. "Mpeleke, mama. Mwalimu mstaafu yule, watoto wakitoka pale wanaongea puani kama wazungu." Basi nikaenda. Kabla sijabisha hodi nikasikia sauti ndani, na sikuhitaji kuona sura.

"Walk," ilisema ile sauti. "Kutembea kuko kwingi. Nani atakuja kutuonyesha?"

Nikaganda mlangoni. Miaka kumi na mitatu nilikuwa nikimsubiri mtu huyo. Nilijiandaa kukutana naye sokoni, hospitali, msibani, popote, na maneno yangu nilikuwa nayo tayari, makali. Sikujiandaa kumkuta nikiwa na mtoto mkononi.

Acha nikurudishe nyuma kidogo, halafu uniambie kama nimekosea kuwa na hasira.

Baba yangu alikuwa mbebaji kwenye ghala la tumbaku. Siku moja robota lilimwangukia kiunoni, mfupa ukaungana vibaya, na ghala nalo likaanza kupunguza watu. Alirudi nyumbani na mguu wa kushoto uliokataa kunyanyuka. Akajifunza kushona viatu. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya ruksa, biashara imefunguliwa, mitumba inamwagika sokoni, kila mtu ghafla ana viatu vya ngozi vilivyoachia soli. Baba akaweka kigoda chake kando ya barabara, karibu na kilabu cha ulanzi, kwa sababu hapo ndipo watu walipopita. Yeye mwenyewe pombe alikuwa haonji. Kinywaji chake kilikuwa togwa ya bibi, kibuyu kizima, na ndevu zikibaki na povu.

Jioni alirudi kwa miguu. Barabara ya Msamala ilikuwa ngumu, yenye changarawe, na mwendo wake ulisikika mbali kabla hajaonekana. Mguu wa kulia ulitua: tii. Wa kushoto ukaburuzwa nusu duara: kwaruu. Tii, kwaruu. Jikoni bibi alikuwa anachambua dagaa wa Nyasa, masikio yamesimama. Akisikia tu, anasema, "Haya, weka maji." Nami naweka maji ya ugali motoni. Baba alipofika mlangoni maji yalikuwa yanachemka. Miezi ya baridi, ukungu wa milima ya Matogoro ukishuka mpaka uani usione hata banda la kuku, ile sauti ilikuja kabla ya mtu, na nyumba nzima ikapata joto.

Niliupenda mwendo ule. Jumapili tukienda misa nilitembea nyuma yake nikiuiga. Tii, kwaruu. Aligeuka akacheka, "Wewe, utakosa mchumba!"

Nilikuwa darasa la sita mwalimu yule alipoandika "walk" ubaoni. Alikuwa hodari, sitasema uongo. Hakuna aliyefundisha Kiingereza kama yeye. Chini ya neno moja aliteremsha maneno kumi, na kila neno alimwita mtoto alitembee. Mshika bendera akaitwa kwa ajili ya "march", akapiga kwata mpaka vumbi likatoka sakafuni. Binti wa mwenye duka akaitwa kwa ajili ya "stroll", akapita kwa madaha kama anatafuta kanga ya kununua. Tulicheka, tulifurahi. Halafu akaandika "stagger", akageuka, fimbo ikanyooka kwangu.

"Wewe. Njoo utuonyeshe baba yako akitoka kilabuni."

"Baba hanywi, mwalimu."

"Basi tuonyeshe asivyokunywa."

Darasa likaanguka kwa kicheko. Nikaenda mbele. Sasa sikia jambo ambalo sijamwambia hata mume wangu: nililifanya vizuri. Nilikuwa na mazoezi ya miaka, niliujua ule mguu kuliko mguu wangu. Tii, kwaruu, kutoka mlangoni hadi ubaoni. Mwalimu akatikisa kichwa, haridhiki. "Ongeza! Yumba!" Nikayumba. Nikautupa mwili kulia na kushoto, nikashika ukuta. Nilimlevya baba yangu mbele ya watoto hamsini. Tangu siku hiyo jina langu shuleni likawa Staga.

Wiki ile ile mwalimu akaleta viatu vyake kwa baba, vya kahawia, soli imefungua mdomo. "Fundi, kesho asubuhi nivipate." Baba akavibeba nyumbani, maana kulikuwa na kazi nyingi. Akashona, akapiga misumari, akaenda kunawa. Mimi nikachukua msumari mmoja mdogo, nikaupigilia kisiginoni kwa pembeni, ncha ikatokeza ndani kidogo tu. Nilitaka mtu yule asimame mbele ya darasa, atembee, nasi tuone. Usiku nililala usingizi mtamu kweli.

Nilikuwa nimesahau mkono wa baba. Hakuwahi kumrudishia mtu kiatu kabla ya kuuingiza mkono mtupu mpaka mwisho, macho amefumba, vidole vikipapasa kila pembe. Asubuhi alifanya hivyo. Alivuta mkono haraka, tone la damu likaangukia kwenye aproni. Hakuutazama msumari. Alinitazama mimi.

"Huu si wangu. Mimi sipigi pembeni. Amekufanya nini mwalimu?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na hasira mno hata uongo haukuja. Nikamwambia yote, ubao, fimbo, kicheko.

"Ukatembea?"

"Ndiyo."

"Kama mimi?"

"Aliniambia niyumbe, baba. Nikayumba."

Akanyonya kidole. Akachukua koleo, akang'oa msumari, akasugua pale mahali kwa tupa mpaka pakawa laini. Kisha akavipaka polishi viatu vile kuliko viatu vyovyote nilivyowahi kumwona akivipaka. Mwalimu alipokuja, baba alisimama, akampa kwa mikono miwili. "Jaribu, mwalimu. Kama kuna kinachokuchoma, sema." Yule bwana akatembea hatua sita huku na huku. "Safi kabisa, fundi."

Umeelewa nilichofanya? Baba alikuwa hajui. Hakuna mtu mzima ambaye angemwambia. Ni msumari wangu uliompelekea matusi hadi kidoleni.

Jioni ile hakurudi kwa barabara. Alipita njia ya bondeni, kando ya kijito, ambako watoto wa shule hawapiti na nyasi zinameza kila kitu. Jioni iliyofuata vivyo hivyo, na zote zilizofuata. Alitokea mlangoni ghafla, kimya, maji hayajawekwa. "Siku hizi unakuja kama paka," bibi alilalamika, "unataka ugali uive saa ngapi?" Baba alijibu barabarani kuna vumbi. Ugali ulichelewa nyumbani kwetu mpaka alipofariki, nikiwa kidato cha tatu, na ni mimi peke yangu niliyejua sababu.

Kidato hicho hicho, kwenye kamusi ya shule, nikalikuta neno "limp": kuchechemea. Lilikuwapo siku zote. Mlevi hupepesuka kwa sababu hajui mguu unampeleka wapi. Baba alijua kila hatua inakwenda wapi, alikuwa anailazimisha. Mwalimu alikuwa na maneno kumi mkononi na kamusi mezani, akachagua lile la kuchekesha. Nililia kwa hasira mpaka msimamizi wa maktaba akanitoa nje. Tangu siku hiyo nikaanza kumsubiri.

Sasa rudi nami pale sebuleni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama, karibu. Huyu ndiye mwanafunzi wetu?" Mvi kichwa kizima. Hakunijua.

"Umeuliza nani ataonyesha. Nitaonyesha mimi."

Watoto wakacheka. Nikauachia mkono wa mwanangu, nikatembea kutoka mlangoni hadi ubaoni. Sikuyumba hata chembe. Sakafu ya saruji ikaitikia: tii, kwaruu. Sikuwa nimeisikia sauti ile tangu darasa la sita.

"Huu unauitaje, mwalimu?"

"Vizuri sana, mama! Huo ni limp."

"Si stagger?"

"Hapana, stagger ni ya walevi."

"Una uhakika?"

"Mama, lugha hii nimeifundisha maisha yangu yote."

"Basi waandikie." Akaandika. Nikasubiri amalize herufi ya mwisho. "Baba yangu alikuwa fundi viatu, pale karibu na kilabu cha ulanzi."

Uso wake ukachanua. "Yule fundi hodari! Alinitengenezea viatu vya kahawia, nimevivaa mpaka nastaafu!"

Viatu anavikumbuka. Viatu!

"Kisiginoni niliweka msumari," nikamwambia. "Baba akaugundua kwa kidole chake, akaung'oa, wewe ukatembea salama. Mimi ndiye Staga."

Chaki ikabaki hewani. Akatafuta kiti kwa mkono, akakaa. Alifungua mdomo, sikungoja kutoke nini. Nilimchukua mwanangu tukaondoka. Usiniambie nimsamehe. Waliokuwa na haki ya kumsamehe wamekwisha lala udongoni.

Tukatembea barabara ile ile. Kilabu kimebomolewa, wamejenga duka la kandambili za plastiki, zikikatika unatupa. Hakuna tena mtu anayeingiza mkono kwenye kiatu cha mwenzake kutafuta kitakachomchoma. Bondeni kumejaa nyumba. Jiko la bibi limebaki mawe matatu na majani.

"Mama, ule mwendo ni wa nani?"

"Wa babu yako."

Akabaki nyuma kidogo. Nikasikia miguu yake ikihangaika kwenye changarawe. Nikageuka. Alikuwa anayumba, mikono juu, anacheka.

"Sivyo," nikasema. "Huyo amelewa. Babu alikuwa hayumbi. Rudia."

Akarudia, nikakataa. Akarudia tena, amekunja uso, anauvuta ule mguu mdogo kwa bidii. Tii. Kwaruu. Nami, mtu mzima na mtoto wangu, katikati ya barabara ya Msamala, nikajikuta nawaza kama kuna mtu ameshaweka maji.