Fundi wa Piano Aliyechelewa Kuitikia

Sema naota, sema nina wazimu, shauri yako. Haya yamenipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, sebuleni kwangu hapa Ikungi, na kikombe cha ushahidi ninacho.

Marehemu baba alikuwa mwalimu wa kwaya, akaniachia piano, mimi mkulima wa alizeti. Upepo wetu wa kiangazi unaujua, unakausha hata mate mdomoni. Vibao vingine vya kubonyeza vilizama visirudi, vingine havikutoa mlio kabisa. Kaka yangu Daudi akaniambia, "Dada, hilo ni kabati la makelele. Jumamosi naja na seremala tuchukue mbao. Labda likilia vizuri, ndiyo nitakuachia." Nikamjibu italia. Nikampigia simu fundi wa Dodoma, Elisante, ambaye sikuwahi kumwona. Akaahidi kuja Alhamisi.

Alhamisi saa sita mtu akabisha hodi. Mzee mwembamba, mkoba wa vifaa mkononi. "Shikamoo," nikasema. Akanipita. Jamani, mzee wa huku asiyeitikia shikamoo! Mwingine angelimeza hilo. Mimi nilimfuata hadi kwenye piano. "Mzee, nimekuamkia!" Akainua kifuniko, akaanza kazi.

Na kazi aliijua, nisimsingizie. Alichomoa vibao kimoja kimoja, akavipanga kwenye mkeka, akavipuliza vumbi. Alikata vipande vya gazeti, akavitia chini ya vile vilivyozama, hadi safu nzima ikalingana. Nyundo ndogo zinazogonga nyuzi akazilainisha sufu kwa sindano. Kisha akakaza nyuzi, moja baada ya nyingine, sikio likiwa karibu. Nikampa maji. Hakunywa. Akakiweka kikombe ndani ya piano, chini kabisa, akasema, "Mbao zina kiu."

Jua lilipoanza kushuka akapiga wimbo ambao baba aliutumia kufungulia mazoezi. Nililia, sioni aibu kusema. Mzee akafunga mkoba, akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Marahaba, mwanangu."

Akatoka. Nikakimbilia jogoo wa kumshukuru, nikarudi mbio. Barabara ilikuwa tupu pande zote. Uwanja niliufagia asubuhi, na nyayo zilizokuwepo ni zangu tu.

Ijumaa akaja kijana, jasho linamtoka. "Samahani mama, mimi ndiye Elisante. Basi lilituharibikia njiani jana." Sasa jana alikuja nani? Nikamweleza. Akabonyeza vibao viwili, akachomoa kile cha kwanza kushoto. Mafundi wa piano, akaniambia, huandika majina yao ubavuni mwa hicho. Tukasoma penseli iliyofifia, ya enzi za baba: "Yona. Kazi haijaisha, nitarudi." Chini yake, penseli nyeusi, mpya: "Imeisha."

Elisante akakaa sakafuni. "Mzee Yona ndiye aliyenifundisha kazi. Kaburi lake nililifukia mimi, huu mwaka wa tatu."

Jumamosi Daudi akaja na seremala wake. Nikapiga wimbo wa baba mwanzo hadi mwisho. Akauliza nani katengeneza, nikamwambia ukweli. Ndipo akageuka: "Lina mzimu hilo! Lichomwe leo leo!"

Nikasimama mlangoni na mchi wangu. "Ulisema ikilia vizuri inabaki. Habari za mzimu hatukupatana. Aliyekufa ametimiza ahadi yake, wewe uliye hai inakushinda?"

Waliondoka mikono mitupu. Daudi hajakanyaga hapa tena.

Naogopa? Naogopa sana. Lakini kila wiki nakijaza kile kikombe, na kabla ya kuinua kifuniko nasema shikamoo. Kuna siku naitikiwa. Piano haitoki.

Nawe kama kuna kazi uliyoiacha nusu kwenye nyumba ya mtu, kaimalize ukiwa bado unakunywa maji. Na ukitaka kuja kwangu na kiberiti, karibu. Mimi naishi peke yangu. Ukibisha hodi ukaitikiwa na sauti ya mzee, usiseme sikukuonya.