Maombi ya Kufika Nanyuki

Baba alikuwa gadi wa treni, na nchi aliipima kwa stesheni. Pale ambapo reli haikufika, kwake palikuwa bado hapajawa Kenya sawasawa. Kwa hiyo niliposema mezani, nyumbani kwetu Ziwani, kwamba nataka kwenda Marsabit kwa ajili ya tasnifu yangu ya chuo kikuu, aliweka kijiko chini.

"Kuna nini huko?"

"Ndiyo nataka kujua. Vitabu vyote vinasema Mzungu alipita, akaona nchi tupu. Tupu vipi, na ngamia wa kumbeba alipewa na nani?"

Dada yangu akadakia, "Mvumbuzi, anzia jikoni. Kuna masufuria hayajaonwa na binadamu."

Nikaendelea: mkoloni aliifunga kaskazini, mtu haingii bila kibali, serikali yetu ikarithi kufuli na ufunguo wake. Baba akainuka, akafunga dirisha.

"Hayo yaishie humu ndani."

Bila safari ile ningebaki kunakili wageni nisiowaamini. Lakini kwetu hakuna aliyesafiri mbali bila kuombewa, na mama hakuwa tayari kuwaita wanawake wa kanisa kabla baba hajakubali. Baba akakubali nusu. Angenisindikiza hadi Nanyuki, mwisho wa reli, na huko ndiko angeamua. Basi wanawake wakaja, wakaimba, wakaniombea hadi Nanyuki tu.

Nanyuki, kibali changu kikiwa mfukoni, tulipata lori la mahindi liendalo Marsabit. Baba, amevaa sare ingawa alikuwa likizoni, aligonga magurudumu, akavuta kamba za magunia, kisha akamgeukia dereva, kijana wa Marsabit.

"Stesheni ngapi hadi huko?"

"Stesheni hakuna, mzee. Kuna visima. Kila kimoja na jina lake, na wenyewe."

Baba akanitazama. "Vimo kwenye vitabu vyako?"

"Havimo."

"Vina majina, vina wenyewe, na havimo?" Aliudhika kweli. "Huyo Mzungu wako alipita amelala."

Nilidhani ataendelea kumsema Mzungu. Badala yake alivua kofia, akainamisha kichwa kando ya magunia, akaanza kuniombea njia iliyobaki. Dereva, Mwislamu, alizima injini, akakunjua viganja. Baba akaomba kisima kwa kisima, na kila mara alifumbua jicho moja, akamnong'oneza, "Kinachofuata kinaitwaje, kijana?" kabla ya kukitaja kwa Mungu.