Nilivyooga maji ya barafu kila alfajiri Kariakoo, nusura nifukuzwe chumba

Wakuu, salamu kwenu. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo.

Nimekuwa nasoma nyuzi zenu za cold shower na kujimwagia barafu ili kuimarisha mwili, nacheka peke yangu. Mimi nililifanya jambo hili enzi za Ujamaa, wengi wenu hamjazaliwa, na lilitaka kuniponza. Ninayoandika ni ya kweli, chumvi nimetia kidogo tu kwenye sauti ya balozi.

Mimi ni mtu wa Kilimanjaro. Kule juu mtoto anaamka anaogea maji ya mfereji yanayoshuka mlimani, meno yanagongana, na hakuna anayemwonea huruma.

Nilipokuja Dar kufanya kazi ya stoo kwenye shirika moja la umma, mwili ukalegea. Joto, usingizi wa mang'amung'amu, chai na mkate kama foleni imekubali. Mafua hayaishi. Wenzangu wanabeba majora ya vitambaa, mimi nabeba leso.

Nikaanza kujiuliza, hivi kilichokuwa kinanipa nguvu nyumbani ni nini? Ndizi? Hewa? Vile vilima? Au yale maji? Sikuwa na mtu wa kumuuliza, nikaamua kujijaribu mwenyewe.

Nilikuwa nimepanga Kariakoo, nyumba ya Kiswahili, vyumba huku na huku, ukumbi katikati, bafu uani. Mwenye nyumba alikuwa mjane, Bi Zuhura. Mama wa heshima zake, akisema jambo mtaa mzima unajua limekwisha. Alinipokea mimi Mkristo, bachela, nisiye na ndugu mjini, kwa sharti moja tu: wanawake hataki. Akanifanya mwanawe. Ramadhani ikifika, sahani yangu ya futari ipo.

Na vyumba vilikuwa shida kweli. Nikitoka pale sina pa kulala.

Basi nikaanza program yangu. Sigara nikaacha. Nalala mapema. Jioni nikitoka kazini natembea hadi Feri, narudi kupitia Mnazi Mmoja. Asubuhi uji wa ulezi. Na alfajiri, kabla ya adhana, naoga.

Tatizo ni kwamba maji ya bomba ya Dar hayana baridi, mnayajua wenyewe. Lakini pale Feri wauza samaki walikuwa na mabonge ya barafu, yamefunikwa pumba za mbao yasiyeyuke. Nikawa nanunua kipande, nakifunga kwenye gunia, nakilaza chini ya kitanda. Alfajiri kimepungua lakini kipo. Nakimega, natumbukiza upande mmoja kwenye ndoo, nasubiri, najimwagia.

Kata ya kwanza unasahau jina lako. Pumzi inakwama kifuani, unataka kukimbia na sabuni mkononi. Nikagundua ukiitoa pumzi polepole, ile hofu inashuka yenyewe, na mwili unaanza kupata joto kutoka ndani. Lilinishangaza sana hilo. Kila siku nilitamani kufika kesho nione tena.

(Ndiyo, nilikuwa nanukia samaki kidogo. Tuendelee.)

Mafua yakapungua. Majora nikaanza kubeba. Ila nyumbani hali ikabadilika.

Nikimwamkia Bi Zuhura, "marahaba" inatoka kavu. "Mwanangu" ikapotea. Nikipita uani, akina mama wananyamaza hadi niingie ndani. Nikadhani labda ni ile harufu.

Alfajiri moja natoka bafuni, taulo kiunoni, natetemeka, namkuta Bi Zuhura amekaa kwenye kigoda. Pembeni yake amesimama Mzee Selemani, balozi wetu wa nyumba kumi.

"Ndugu," balozi akaanza, kifua mbele, "una mgeni humu ndani hujamleta kuandikishwa."

"Mgeni gani, mzee?"

Bi Zuhura akadakia. "Usitufanye watoto. Kijana akioga alfajiri mara mojamoja tunasema ndoto hiyo. Wewe kila siku! Na huyo mwanamke ni Mwislamu, kakufundisha kuoga janaba. Jioni unamletea vitu kwenye gunia. Leo unahama."

Wakuu, nilikuwa sijui. Kwetu kuoga alfajiri ni kuoga tu. Sikujua kwamba kwa wenzetu Waislamu, mtu aliyelala na mwenzake anaoga kabla ya sala ya alfajiri, na kwa hiyo kila ndoo yangu ilikuwa inatangaza habari mtaa mzima.

Nikajitetea. Balozi akacheka. "Barafu? Kwa hiari yako? Nani kakuhukumu?"

Nikawafungulia chumba. Balozi akainama uvunguni, akavuta gunia linalochuruzika maji. Ndani pumba za mbao na kipande cha barafu kilichobaki. Mwanamke hakuna, hata kanga hakuna.

Bi Zuhura akachutama, akakigusa. Akautoa mkono haraka, akabaki anautazama.

"Na mimi nimeshakusema," akasema taratibu. "Kwa Mama Hadija nimekusema. Kwa muuza mkaa nimekusema. Mwanangu, kwa kukusengenya huko nimekula nyama yako."

Nikamwambia yameisha, mama. Akasema hayajaisha.

Asubuhi ile naenda kazini nikamkuta kwenye baraza ya Mama Hadija, amevaa buibui lake, watu wanapita. Anasema kwa sauti, wasikie: "Yule kijana wangu nilimsingizia. Hana mwanamke. Nimekosa mimi." Akashuka, akaenda nyumba inayofuata, akabisha hodi.

Nilishindwa kumpita. Nilizunguka mtaa wa nyuma, na nililia, sioni aibu kusema.

Chumba nikabaki nacho. Kuoga nikaendelea, ila jua likishatoka, akina mama wakinicheka kila nikipiga ukelele.

Nilichojifunza: mwili uliimarika, lakini hadi leo sijui ni barafu, ni kutembea, ni usingizi au ni kuacha sigara. Msiruke hatua. Mwenye shida ya moyo amwone daktari kwanza. Na ukiishi na watu, waambie unachofanya kabla hawajajitafutia maelezo wao.

Kuingia kwenye maji ya barafu nimeweza. Alichofanya Bi Zuhura sijawahi. Kuna mtu humu aliyewahi kurudi mlango kwa mlango kufuta maneno yake mwenyewe? Tuambie mwili ulijisikiaje, maana baridi hiyo siijui.