Nyama Yenye Nilizika

Hapana, hakufa. Najua njo vile munawaza mukiniona na sahani ya chakula ku mulango ya hospitali. Binti yangu iko muzima, anakula kunishinda.

Ilianza na kivimbe ku mukono yake, karibu na kidole kubwa, sawa haragi. Binti yangu ni mushonaji wa nguo hapa Butembo, donc akawaza ni sindano ilimuchoma. Tulienda Beni ku kilio ya kaka yangu, na enfirmie mumoja, muuguzi wa hospitali ya kule, akaitosha yote. Ule kijana anaongelea mu pua sawa redio yenye betri inaisha: "Mafuta, mama. Mafuta tu." Mais hata vile alitaka kutia nyama mu formol, ile mayi yenye kuuma macho, aitume ku labo wapime. Mi nikakatala. Nyama ya mutu haipelekwi kutembea. Inazikwa, sawa kitovu ya mutoto. Nikaifunga mu jani ya ndizi, nikaizika nyuma ya nyumba. Nikamwambia ule enfirmie kama anatamani nyama, soko iko wazi.

Kisha miezi kadhaa, kivimbe ikarudi, kubwa.

Docta wa Butembo anaongea polepole sawa mutu amebeba mayayi. Alikata kipande kidogo, akaangalia mu mikroskopi, akatuita. Akasema vile vidogo vyenye kujenga mwili, seli, hapo vimekuwa virefu, vyembamba, vimelala pamoja sawa sindano mu paketi. Nikamwambia basi ni ugonjwa ya bashonaji. Hakucheka. Akasema magonjwa mingi inafanana vile, ingine inaua, ingine hapana. Kuna moja yenye, ndani kabisa ya zile seli, nyuzi mbili zenye kubeba urithi ya wazazi, kila moja na fasi yake, zinakatika na kushikana vibaya. Ikiwa njo ile, kuna vidonge, mukono inaweza kubakia; ikiwa hapana, ni kuikata. Mais mashini ya kuona ile haiko huku. Inaomba kutuma nyama mbali, na nyama ya kutosha. Ile kipande alikata ilikuwa imeisha ku mikroskopi, na kukata mingi aliogopa, juu kivimbe ilishazunguka mushipa ya damu.

"Nyama ile ya kwanza iko wapi, mama?" docta akauliza.

Nikamwambia. Akatosha miwani, akaipanguza, akaipanguza tena.

Akavuta kadogo na sindano, akatuma. Tukangoja musimu yote ya mvua. Jibu ikarudi: nyama ni kidogo, hawakuona kitu. Docta akasema tunaweza kujaribu tena, mais kivimbe haitatungojea.

Siku ile nikakaa ku kitanda ya binti yangu, nikamuigia sauti ya enfirmie, kisha ya docta na mayayi yake. Zamani angecheka mpaka kushika tumbo. Nikamwambia tutatuma tena, safari hii watasoma vizuri. Alikuwa anaangalia ukuta.

"Mama, acha. Mwambie docta akate mukono."