Kidole Kimoja cha Kadibodi

Mtaani walimwita Fundi Kimya, kwa kuwa mteja angeweza kuingia, kuagiza na kuondoka asiambulie kwake zaidi ya "sawa" mbili. Kwa miaka ishirini na sita alitengeneza fremu za picha katika kibanda kilichonuka gundi na vumbi la mbao. Siku hizi mtindo ulikuwa picha za vijiji vya pwani zilizopigwa kutoka angani. Wenye nafasi walizitundika juu ya makochi yao.

Mama mmoja wa miwani alileta ya kwake, pana kama mlango. Alipoondoka, fundi aliilaza mezani aipime. Ndipo akaona kisima. Kutoka juu kilikuwa kama kifungo cha shati, lakini zile ngazi mbili za mawe alizijua. Alivunjia jino hapo akiwa na miaka saba. Akatembeza kidole polepole kutoka kisimani: njia ya kwa shangazi, mwamba, kona. Kidole kikafika palipokuwa na nyumba ya marehemu mama yake, ukingoni kushoto mwa picha, kikatua majini. Lilikuwa bwawa la kuogelea, la buluu, na kando yake paa kubwa la vigae vyekundu.

Nyumba ya mama ndiyo aliyomwahidi mkewe. Macho ya fundi yalishaanza kukataa kazi, na mwakani walipanga kufunga kibanda wakaishi huko. Mkewe alishachagua hata pa kujenga banda la kuku. Ufunguo fundi alimwachia mdogo wake aliyebaki kijijini.

Akampigia simu.

"Mdogo wangu, nyumba ya mama haijambo?"

"Ipo, kaka, wala usiwe na wasi. Juzi tu nimefagia uani. Kuna bati moja linavuja, nitalibadilisha."

"Upande gani?"

"Upande wa... wa jikoni. Shemeji hajambo?"

Fundi alilitazama bwawa.

"Hajambo," akasema, akakata simu.

Kila picha huzungushiwa kadibodi nyeupe kabla ya kioo, nayo hufunika ukingo kidogo. Upande wa kushoto aliiongeza upana wa kidole kimoja. Bwawa likazama chini ya kadibodi, na paa jekundu nalo. Kisima kikabaki. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuharibu kazi kwa makusudi.

Mama wa miwani alirudi baada ya siku mbili, akainama, akatazama, akacheka.

"Fundi, umekula kiwanja changu. Kwangu kuko wapi?"

"Kwako?"

"Hapa kushoto. Nimemlipa mtu apige picha kwa ajili ya bwawa langu, wewe unanionyesha kisima cha watu. Pale nilipanunua kwa kijana mmoja mpole sana, masikini. Amebaki peke yake kwao. Alikuwa na kaka, fundi fundi hivi, akafia mjini."

Fundi akafuta kioo kisichokuwa na vumbi. Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Mama yule alisubiri, kalamu ya kusainia risiti mkononi, akidhani fundi anatafuta namna ya kuomba radhi.

"Nitairekebisha," akasema.

"Leo?"

"Leo."

Akang'oa misumari, akakata kadibodi nyingine, safari hii sawasawa. Mkewe alimkuta anamalizia, akaweka chakula pembeni na kuinama juu ya picha. Katika nyumba ya mama mkwe aliwahi kulala, maji ya kisima hicho aliwahi kuteka, lakini hakuwahi kupaona kutoka juu.

"Wengine wamejaliwa, baba watoto. Bwawa zima uani."

"Mm."

"Hata kwetu kutapendeza hivi kutoka juu, tukishaezeka lile banda la kuku."

"Sawa," akasema Fundi Kimya, akapigilia msumari wa mwisho.