Mgeni Aliyeficha Firigisi Chini ya Ugali

Wewe cheka tu. Wengi hapa mtaani Kabiria walicheka kabla yako. Mimi si mlevi, si mtu wa kuota ota, na haya niliyaona saa tisa mchana, jua likiwaka, nikiwa nimetoka tu kwenye cherehani yangu. Nani aliwaambia mizuka hungoja giza?

Nina mdogo wangu mmoja tu, Wafula. Alienda Uarabuni kutafuta kazi, akawa anapiga simu kwa miezi minne, kisha kimya. Mwaka ukaisha, wa pili ukaingia. Hapo ndipo nilipojiandikisha kwenye ule mtandao wa kukaribishana wasafiri. Unaujua? Mgeni anakuandikia kwa simu, unamlaza bure kwa sofa yako, halipi hata shilingi. Siku yako ya kusafiri ikifika, mtu mwingine huko mbali anakulaza wewe. Majirani walisema nimerukwa na akili, mwanamke peke yake kuingiza watu asiowajua. Lakini mimi nilikuwa na sababu yangu. Nilijiambia, nikimlisha mtoto wa watu hapa, kuna mtu huko atamlisha wangu. Nimelaza Mjerumani mwenye baiskeli, nimelaza wasichana wawili wa Uganda waliokoroma kama trekta, na hakuna aliyeniibia hata kijiko.

Sasa, wiki hiyo baba mdogo akanipigia simu kutoka nyumbani Bungoma. Wazee walikuwa wameshaamua. Kwetu mtu akipotea na mwili usionekane, huzikwa shina la mgomba mahali pake, ndipo roho yake itulie na watu waache kungoja. Jumamosi wangemzika Wafula. Shati lake moja lilikuwa kwangu, na walitaka nilipeleke wavishe lile shina. "Mama," baba mdogo aliniambia kwa upole, "lete shati tumpumzishe mtoto." Nililia mpaka kichwa kikauma, kisha nikalipiga pasi.

Alhamisi nilikuwa namngoja mgeni wa mtandao, Mtanzania mmoja. Nikachinja kuku, maana kwetu kumkaribisha mgeni bila kuku ni aibu. Saa tisa nikasikia hodi. Mlangoni alisimama mzee mfupi, hana begi, viatu vimejaa vumbi la simiti. Ile picha ya kwenye simu ilikuwa ya kijana. Masharti ya mtandao yanasema umwombe mtu kitambulisho kabla hajaingia. Lakini marehemu mama alitulea na sharti lake, la zamani kuliko simu: mgeni haulizwi jina wala safari mpaka amalize kula. Nikafuata la mama. Mzee akaingia kwa miguu yake miwili, mizima kabisa, akanawa mikono yote miwili, nikaweka ugali.

Alikula polepole. Halafu akachagua firigisi kwenye bakuli, akaigeuza, akainua ugali kidogo na kuificha chini yake.

Moyo ukanilipuka paa! Duniani ni mtu mmoja tu ninayemjua aliyefanya hivyo. Tangu akiwa na miaka mitano, Wafula aliificha firigisi chini ya ugali ili nisimnyang'anye, aile mwisho. Nikamkazia macho yule mzee. Hakufanana na ndugu yangu hata ukucha. Niamini, ningenyamaza tu, yote yangekwisha vizuri. Lakini mdomo wangu huu! Ugali ulikuwa umefika nusu niliposema, "Mzee, samahani, naomba kitambulisho. Wewe ni nani?"

Akaacha kutafuna. Akapapasa mfuko wa shati, akapapasa mifuko ya suruali, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyeibiwa sokoni. Kisha akaniangalia kwa huzuni ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mzima.

"Walichukua," akasema.

Akainuka. Mkono wake wa kushoto ukabaki unaning'inia, na mguu wa kushoto akauburuta mpaka nje.

Nikamkimbilia. Jirani yangu Mama Njeri alikuwa anafua nguo pale kwenye geti, na njia ya kutoka ni hiyo moja. "Mgeni gani?" akaniuliza. "Mimi niko hapa tangu saa nane. Hakuna mtu ameingia, hakuna mtu ametoka." Nikarudi ndani. Sahani ilikuwa mezani, ugali nusu, na chini yake firigisi haijaguswa. Jioni yule Mtanzania akaandika kwamba gari limewaharibikia mpakani Namanga, atafika kesho.

Wewe ungefanya nini? Mimi nilimpigia baba mdogo papo hapo. "Hakuna shati, hakuna mgomba. Wafula yuko hai." Akasema huzuni imenipanda kichwani. Nikamjibu kwamba akitaka kuzika shati, azike lake. Hebu fikiria, kumjibu baba mdogo hivyo! Jumamosi ikapita bila mazishi, na tukanuniana wiki tatu.

Wiki ya tatu simu ikalia, nambari ndefu ya ng'ambo. Alikuwa nesi, Mkenya, aliyefanya kazi hospitali ya huko; nambari yangu alipewa na Wafula mwenyewe, ulimi ulipomrudia siku hiyo. Wafula alinyang'anywa simu na pasipoti na tajiri wake, akatoroka, akawa kibarua wa mjengo, akaanguka kutoka ghorofani. Alilala bila fahamu, hakuna aliyejua hata jina lake, na madaktari walikuwa wamekata tamaa. Alifumbua macho Alhamisi ile ile. Nikauliza, saa ngapi? Saa tisa na nusu mchana. Lakini upande wake wa kushoto haukuamka.

Sasa tunaishi naye hapa Kabiria. Mimi nashona, yeye anapiga pasi kwa mkono mmoja. Baba mdogo alikuja, akamshika kichwa, akalia, akaniomba msamaha mbele ya watu. Habari za yule mzee sikuwahi kumwambia Wafula, haki ya Mungu. Na bado, siku ya kwanza niliyompikia kuku, alichukua firigisi, akaificha chini ya ugali, akaniangalia.

"Dada," akasema, "leo usiniulize kitu mpaka nimalize."

Nilitoka nje nikalia pale penye kamba ya nguo, mbele ya Mama Njeri na wapangaji wote.

Wageni bado nawalaza, na sitaacha. Lakini wewe unayefungua mlango, sikiliza: mtu akishaketi mezani kwako, mwache ale mpaka ashibe, ndipo umuulize jina. Hujui ni wa nani, wala ametoka wapi kuja kula kwako. Mimi niliuliza mapema, na kila asubuhi namfunga ndugu yangu vifungo vya shati lile lile.