Msiba wa Aliyetekwa na Maharamia

Mimi maharamia nilikuwa nawajua wa kwenye video tu, wale wenye kitambaa jicho moja na kasuku begani. Wanangu walikuwa wakiwaigiza uani kwa vijiti, na mimi nacheka. Siku niliyopigiwa simu na ofisi ya meli kutoka Dar es Salaam, kuambiwa kwamba meli anayofanyia kazi mume wangu imetekwa na maharamia, kitu cha kwanza kunijia kichwani kilikuwa huyo kasuku. Nikakaa juu ya gunia la mchele pale pale kibandani kwangu Viwanja Sitini, hapa Ifakara, na mteja akaniuliza kama nauza au siuzi.

Mume wangu ni mtoto wa mto. Kwao ni wavuvi, Wandamba, na amekulia kwenye mtumbwi. Alikwenda Dar kutafuta maisha, akapata kazi ya jikoni kwenye meli ya mizigo. Nilimwambia bahari siyo mto Kilombero. Akanijibu maji ni maji. Ubishi huo ni wa ukoo mzima, na mama yake ndiye namba moja.

Baada ya siku chache maharamia wakaanza kunipigia wenyewe. Walikuwa na mkalimani, anaongea Kiswahili laini cha pwani, kizuri kuliko changu. "Dada, hatuna ugomvi na mumeo," aliniambia. "Tunayemtaka ni mwenye meli. Kamlilie mwenye meli." Baadaye nilikuja kujua kwamba ndiyo kazi yao ilivyo. Wenye bunduki ni vijana tu, wanashinda wakitafuna mirungi, wanaletewa mbuzi kwa boti kutoka ufukweni, na mkalimani wanamkodi kama unavyomkodi dereva. Ndugu wa mateka wanapigiwa ili kilio chao kimchoshe mwenye meli mpaka alipe. Kilio changu kilikuwa kifaa chao cha kazi.

Basi nikalia. Kila siku nilipiga simu ile ofisi nikalia, sikuona aibu. Niliogopa mpaka simu ya jirani ikiita naacha kupima mchele. Yangu ilikaa kwenye sidiria, nikiwa kanisani, nikiwa chooni, popote.

Halafu simu zao zikakoma. Kimya. Mvua zikaanza, mkalimani hapigi. Asubuhi moja redio ikasema baharia mmoja wa meli ile amefariki, jina halikutajwa. Nikapiga ofisini, wakasema hata wao hawajui ni nani.

"Mama, tusubiri," nilimwambia mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye mtaa wa Lipangalala. "Wako wengi mle melini."

Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto. Kwao, mtu akichukuliwa na maji hasubiriwi. Mdogo wake alikamatwa na mamba akiwa anatega nyavu. Walimtafuta mpaka jua likazama, kisha wakakaa msiba bila mwili, kwa sababu wanaamini mtu wa majini asipoliliwa mapema anahangaika, hajui pa kwenda. Kwa mto siwezi kuwabishia. Kwenye mdomo wa mamba harudi mtu.

Nikaenda kibandani, maana watoto lazima wale. Niliporudi mchana nikakuta makochi yangu yako nje, yananyeshewa. Ndani mikeka imetandikwa, godoro liko sakafuni, akina mama wa jumuiya ya kanisani wamejaa. Uani moto unafuka, na jirani yetu Msukuma anashusha kuni kwenye mkokoteni wake wa ng'ombe. Na mama mkwe, ambaye sauti yake inajulikana Lipangalala yote, alikuwa anaongoza wimbo ule wa kushusha jeneza.

Nilisimama mlangoni. Simu ikaita kifuani kwangu. Namba ya nje.

Nikapokea hapo hapo kwa pupa. Laiti ningetoka kwanza, lakini nani anafikiri wakati ule?

"Dada," alisema mkalimani. "Nani anaimba?"

"Niko kanisani," nikasema.

Upande wake nilisikia upepo. Nilitaka kutoka, akina mama wengine wakawa wanaingia, na wimbo ukaendelea mpaka mwisho, na ulipoisha wakaanza kuomboleza kwa kutaja jina la mume wangu. Jina lake kabisa.

"Mmeshamlilia," alisema mkalimani polepole. "Basi sisi tunamlisha nani?"

Akakata. Nilipopiga, namba haipatikani.

Sijawahi kuogopa vile, na naomba nisiogope tena vile. Nilielewa kitu kimoja tu: kama ni mzima, mle melini yeye ni mali, na mali isiyo na mwenyewe inatupwa. Nikachukua ufagio. Hapa Ifakara utasamehewa mengi, ila kufukuza watu msibani hapana. Niliwafukuza. Niliwaambia wanawake wa jumuiya watoke nyumbani kwangu, wazee na vijana, niliwasukuma na mikeka yao. Nikamwaga ndoo ya maji kwenye moto.

Jirani Msukuma akaniuliza taratibu, "Mama, kwani marehemu yukoje?"

"Hajafa."

"Haya," akasema, akaanza kuzirudisha kuni mkokotenini.

Mama mkwe hakuwa ameinuka. "Mwanangu, unamnyima mumeo kilio chake," aliniambia.

"Mama, ukiimba tena, wewe ndiye utakayemuua."

Sijawahi kumjibu mkubwa hivyo, na sijutii. Tukarudisha makochi yakiwa yamelowa, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine, hatusemeshani. Tukakaa, simu iko mezani katikati yetu, tukiogopa iite na tukiogopa isiite.

Iliita kesho yake alasiri. Mkalimani hakunitaka mimi. "Nipe mama yake," alisema. Nikaweka spika, nikamsogezea.

"Mama, mwanao yupo au hayupo?"

Mama mkwe akaitazama simu. Nilijua anaamini nini moyoni. Nilishika pindo la kanga yake kwa mikono yote miwili, kama mtoto anayekataa kuachwa nyuma. Neno moja lake lilitosha kummaliza.

"Yupo," mama mkwe alisema mwishowe. "Ana njaa huyo. Mpeni chakula."

Yule akacheka kidogo. "Sawa, mama." Akakata. Mama mkwe akaniuliza kwa sauti ndogo kama amekosea, nikamwambia hakukosea.

Aliyefariki alikuwa mtu mwingine, naye alikuwa na mama yake. Meli iliachiwa, na mume wangu akarudi wakati tunavuna mpunga. Nilimpokea stendi, nikampita nisimtambue, nikageuka. Mama yake alimpikia samaki. Alikula, akamshukuru, na majirani niliowafukuza wakaja kumwona, wengine bado wamenuna.

Hakusimulia mengi. Siku moja tulikuwa tunapepeta mchele kibandani, akasema bila kunitazama kwamba ile siku ya simu ya msiba maharamia waliwatoa mateka wote juu sitahani, mkalimani akaweka spika ili wasikie.

Nikaweka ungo chini. "Ulisikia nini?"

"Mama akiimba."

"Nilimkatisha," nikamdanganya haraka. "Hakufika mbali."

Akatikisa kichwa, akaendelea kupepeta. "Alimaliza," alisema. "Mimi nilikuwa naitikia."